Ng'ombe walitangulia, jembe likafuata: Sahara ilivyokauka mpaka mifugo ikafika Manyara

Nilikuwa mnadani huko Manyara, nimemsindikiza mjomba kununua mitamba miwili, jua limekaa utosini tukajibanza kwenye banda la nyama choma kusubiri wauzaji wachoke washushe bei. Mzee mmoja wa Kimasai akaanza kumchokoza mjomba. Anamwambia unapoteza hela bure, ng'ombe wote wa dunia hii ni wetu, Enkai aliwashusha kutoka mbinguni kwa ukanda wa ngozi akatukabidhi sisi, nyie wengine mmeazima tu na kurudisha hamtaki. Banda zima likacheka. Mjomba naye ni Mwiraqw, hakubali kirahisi, akajibu, "Shikamoo tena mzee, lakini mlipofika huku si mlitukuta na maziwa tayari?"

Utani huo umenikaa kichwani muda mrefu maana ndani yake kuna swali la kweli kabisa. Ng'ombe walifika lini huku, na walitokea wapi? Shuleni tulikaririshwa kama ngazi: binadamu kwanza aliwinda na kuokota matunda, halafu akalima, akatulia kijijini, akafuga, akajenga, akapata mfalme. Hiyo ngazi inakubali sehemu nyingine za dunia, ila kwa Afrika inagoma. Kwa sehemu kubwa ya bara letu mtu alifuga kwanza, na jembe lilikuja baadaye sana, pengine maelfu ya miaka baadaye. Kuelewa kwa nini ilikuwa hivyo inabidi uanzie mbali, Sahara, na sio hii Sahara unayoijua.

Ukisema Sahara watu wanaona mchanga na ngamia. Ngamia mwenyewe ni mgeni pale, alianza kuenea kule kama miaka 2,000 tu iliyopita. Rudi nyuma miaka 9,000 hivi utakuta nyasi, mito, miti, viboko, mamba, na maziwa makubwa ajabu. Ziwa Chad la wakati ule lilifika kama kilomita za mraba 350,000. Kama unalijua ziwa Victoria, lile ambalo ukisimama Mwanza huoni ng'ambo, weka matano ya aina hiyo pamoja ndio utapata picha. Mwaka 1987 mfugaji wa Kifulani alikuwa anachimba kisima kijiji cha Dufuna, kaskazini mashariki mwa Nigeria, akagonga kitu kigumu chini, kumbe mtumbwi! Mtumbwi mzima, urefu mita nane na ushee, umechongwa kwa gogo moja, na ulipopimwa ukakutwa una miaka kama 8,000. Hakuna chombo cha majini kikongwe kuliko huo kilichowahi kupatikana Afrika.

Sasa nani alileta mvua kule?  Kwanza ni mambo ya falaki. Dunia inazunguka kama pia ya watoto, na pia ikianza kuchoka si unaionaga inavyoyumba kichwa taratibu, basi dunia nayo inayumba hivyo hivyo, sema yumbo lake moja linachukua kama miaka 26,000. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu njia yetu ya kulizunguka jua sio duara kamili, kuna nyakati dunia inakuwa karibu na jua mwezi wa kwanza, kama ilivyo sasa hivi, na kuna nyakati inakuwa karibu na jua mwezi wa saba. Kama miaka 11,000 iliyopita ilikuwa ni mwezi wa saba, yaani majira ya joto ya kaskazini yalikuwa yanapigwa na jua kali zaidi ya leo, kwa asilimia kama 7 au 8.

Mtu wa pwani hili halimsumbui kuelewa maana kusi na kaskazi anavijua. Nchi kavu ikipata joto hewa yake inapanda juu, na hewa ya baharini yenye unyevu inakimbilia kujaza nafasi. Ardhi ya Sahara ikachemka zaidi, upepo kutoka Atlantiki ukavutwa ndani zaidi, mvua zikasukumwa kaskazini mamia ya kilomita. Majani yakaota, na majani yakishaota yanabakiza unyevu na kufanya ardhi iwe nyeusi inyonye joto zaidi, kwa hiyo mvua inaita mvua. Hali hiyo ilidumu mpaka kama miaka 5,000 iliyopita, dunia ikaendelea kuyumba kama ile pia, jua la mwezi wa saba likapungua, mvua zikarudi kusini.

Kuna ubishi ambao umewachosha watu miaka mingi: ilikauka ghafla au polepole? Mwaka 2000 timu ya Peter deMenocal ilisoma tope lililochimbwa chini ya bahari karibu na Mauritania ikakuta vumbi linaongezeka ghafla kama miaka 5,500 iliyopita, kama mtu kazima swichi. Miaka minane baadaye Stefan Kröpelin na wenzake wakasoma tope la ziwa Yoa, kaskazini mwa Chad, ziwa ambalo mpaka leo liko katikati ya jangwa na lina maji, wakakuta polepole tu, karne kwa karne. Nani muongo? Mimi naona hakuna muongo. Sahara ni kubwa kama Marekani, kaskazini ilianza kukauka mapema na kusini ikachelewa, na sehemu moja inaweza kukauka kwa kizazi kimoja wakati jirani bado ana bwawa. Ukiwa mfugaji huhitaji wastani wa bara zima, unahitaji kujua kisima chako.

Na wafugaji walikuwepo. Mwanzoni waliokuwa kule walikuwa wavuvi, wawindaji na waokotaji, na wala sio watu wa hovyo, maana vyungu walivitengeneza kabla hata ya kulima wala kufuga. Ounjougou huko Mali kuna vipande vya vyungu vya zaidi ya miaka 11,000. Tunavyofundishwa ni kwamba mfinyanzi anakuja baada ya mkulima, wao hawakusubiri. Samaki wapo, nafaka za porini zipo tele, unachemsha unakula, shamba la nini? Pale Nabta Playa, kusini mwa Misri, watu miaka 8,000 iliyopita walikuwa wanaokota mtama pori kwa wingi. Mtama uliofugwa, ule ambao punje zake hazidondoki zenyewe mpaka mtu avune, ushahidi wake wa zamani unatoka mashariki mwa Sudan kama miaka 5,000 iliyopita. Uwele nao Mali, miaka 4,500 hivi. Kwa hiyo kati ya kuokota na kulima hapo kuna miaka 3,000 watu wanakula tu mtama wa bure.

Ng'ombe ndio wakaingia katikati ya hiyo nafasi. Mbuzi na kondoo tuna uhakika walitoka kusini magharibi mwa Asia maana Afrika haina babu yao wa porini. Ng'ombe wamebishaniwa sana, wengine walisema walifugwa hapa hapa kutoka kwa ng'ombe pori wa kaskazini mwa Afrika, vinasaba vinaonyesha asili kubwa ni Asia hiyohiyo, na huku wakachanganyika na wa porini wa kwetu. Vyovyote vile kufikia miaka 7,000 iliyopita Sahara ilikuwa imejaa ng'ombe. Nenda milima ya Tassili n'Ajjer Algeria, au upande wa pili Libya, miamba imechorwa ng'ombe wa kila rangi, madoa, pembe ndefu zilizopinda, wengine viwele vimejaa, mchoraji alikuwa anawajua mmoja mmoja kama mjomba anavyowajua wake. Pale Takarkori, Libya, wataalamu walichukua vigae vya vyungu wakatafuta mafuta yaliyonyonywa na udongo, wakatangaza mwaka 2012 kwamba ni mafuta ya maziwa, ya kama miaka 7,000. Maziwa yalichemshwa pale, mahali ambapo leo hata nzi hakai.

Kwa nini ng'ombe na sio shamba? Jibu mfugaji yeyote atakupa bila kusoma kitabu: mvua ikigoma shamba haliwezi kuhama, ng'ombe anaweza. Sahara hata ilipokuwa ya kijani mvua zake zilikuwa za kubahatisha, mwaka huu zinanyesha huku, mwakani kule. Mali yenye miguu ndio bima.

Halafu kuna jambo la Takarkori ambalo limetoka juzi juzi tu, 2025, nalo linanifurahisha. Wamesoma vinasaba vya wanawake wawili waliozikwa pale miaka 7,000 iliyopita, wakidhani watakuta wahamiaji waliokuja na mifugo yao. Wakakuta wenyeji. Watu wa ukoo wa kale sana wa Afrika Kaskazini, waliojitenga muda mrefu, damu ya nje ni kidogo sana. Maana yake kule ng'ombe walisafiri zaidi kuliko watu, jirani anaiga kwa jirani, anaomba ndama, anaoa kwenye mifugo, ufugaji unasambaa bila watu kuhama kwa wingi. Weka hilo pembeni maana tukifika kwetu hadithi inageuka.

Basi, mvua zikaanza kukata. Watu wakasogea kwenye maji. Wengine mto Nile, na watu wanapenda kusema ndio ukame uliozaa Misri ya mafarao, kwamba miaka 5,100 iliyopita dola ikaunganishwa kwa sababu jangwa liliwasukuma wote bondeni. Kuna ukweli ila mimi siumezi mzima mzima, kusongamana peke yake hakuzai mfalme, kama ni hivyo kila stendi ya basi ingekuwa na farao. Ninachokiona wazi ni kwamba ng'ombe hawakusahaulika. Kerma, Sudan ya leo, miaka 4,000 na zaidi iliyopita, kaburi moja la mkubwa wao lilizungushiwa mafuvu ya ng'ombe zaidi ya 4,000, yamepangwa safu kwa safu kama nusu mwezi. Hebu fikiria msiba huo, ng'ombe wa wilaya nzima.

Wengine wakashuka kusini, na hapa ndio tunaingia upande wetu. Ziwa Turkana lilikuwa juu kuliko leo kwa mita 80 na ushee, mpaka linamwagika kuelekea Nile. Kuanzia kama miaka 5,300 iliyopita likaanza kushuka, kila mwaka ufukwe unasogea, ardhi mpya inatokea, majani yanaota juu ya tope la jana. Wafugaji wakafika na mbuzi, kondoo na ng'ombe wakati huohuo. Na walichofanya kimewaacha wataalamu midomo wazi. Upande wa magharibi wa ziwa, pale Lothagam Kaskazini, walichimba shimo kubwa, wakazika watu wao humo kwa mamia ya miaka, halafu wakafunika kwa mawe, wakajenga jukwaa la duara la upana wa mita kama 30 na kusimamisha nguzo za mawe. Matokeo ya uchunguzi yakatoka 2018: waliozikwa hawapungui 580.

Ukisikia mnara mkubwa wa mawe unajiuliza mfalme alikuwa nani, si ndivyo? Hapo hakuna mfalme. Wamezikwa wanaume, wanawake, wazee, watoto wachanga, wote pale pale, karibu kila mmoja na shanga zake, za mayai ya mbuni, za mawe ya rangi, hakuna aliyetengwa kwenye chumba chake na dhahabu. Mmoja alikuwa na pambo la kichwani lililotengenezwa kwa meno zaidi ya 400 ya panya wadogo wa jangwani. Meno ya mbele tu hayo, piga hesabu panya mmoja anayo manne, kwa hiyo kuna mtu alikaa chini akang'oa, akapanga, akafunga jino moja moja mpaka zikatimia panya mia na ushee, kwa ajili ya mtu mmoja. Waturkana wa leo sehemu za nguzo kama hizo wanaziita Namoratunga, watu waliogeuka mawe, wanasimulia kwamba watu hao walikutwa wanacheza ngoma wakageuzwa mawe pale pale walipokuwa.

Mimi naona maana yake ni hii. Ziwa linakimbia, malisho yanabadilika kila mwaka, familia zimetawanyika na mifugo, mnahitaji mahali pamoja pasipohama, mahali pa kukutana, kuoana, kubadilishana mitamba, kuzika. Ng'ombe wanatembea, marehemu wanabaki. Hauhitaji mfalme kwa hilo.

Sasa cha kushangaza. Kutoka Turkana mpaka Nakuru sio mbali, mtu na mifugo yake anafika kwa wiki chache. Lakini ilichukua zaidi ya miaka 1,000! Mifupa ya mbuzi michache michache inaonekana kusini mapema kidogo, ila ufugaji wenyewe wa kujaa bonde la ufa la kusini mwa Kenya na kaskazini mwa Tanzania unaanza kama miaka 3,300 iliyopita. Walikuwa wanangoja nini na majani yote yale?

Mwaka 2000 mwanaakiolojia Diane Gifford-Gonzalez alitoa wazo ambalo kila aliyewahi kuchunga atalikubali haraka. Magonjwa. Ng'ombe wa Sahara alikuwa hajawahi kukutana na mbung'o, hana habari na nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o huyo. Hajui kupe wanaoleta ndigana kali, ugonjwa ambao chanzo chake ni nyati, na kwa ng'ombe mgeni unafagia zizi ndani ya wiki chache. Halafu kuna huu wa nyumbu, mafua makali ya ng'ombe yanayotokana na ndama wa nyumbu, nyumbu wenyewe hawaumwi ila ng'ombe akilishwa walipozalia, macho yanaziba, mapovu, amekwisha. Kwa macho ya mfugaji aliyetoka kaskazini, mbuga zile zilikuwa paradiso, anaingiza ng'ombe 40 anatoka na fimbo.

Kwa hiyo ile miaka 1,000 nadhani ni miaka ya kufiwa na kujifunza. Wapi pa kupita na saa ngapi, pori gani lichomwe moto ili mbung'o wapungue, kisima gani kiachwe. Na hali ya hewa ikawasaidia baadaye, misimu ya mvua ikakaa sawa, vichaka vikapungua. Mpaka leo Wamasai wa Ngorongoro kuanzia mwezi wa kwanza mpaka wa tatu nyumbu wanapozaa wanahamisha ng'ombe kwenda juu, wanawaachia nyumbu majani mazuri kabisa ya mwaka mzima. Mtalii anadhani ni upendo kwa wanyamapori.

Walipovuka hawakusimama. Luxmanda, hapa hapa mkoa wa Manyara, ndio kijiji cha kusini zaidi kinachojulikana cha wafugaji wale, miaka 3,000 iliyopita, vyungu, majivu, mifupa ya ng'ombe na mbuzi kwa wingi. Na hapa sasa ndio kumbuka Takarkori. Vinasaba vya mtu mmoja wa Luxmanda vilisomwa 2017, vikaonyesha zaidi ya theluthi moja ya asili yake inafanana na wakulima wa kale wa upande wa Palestina na Syria, yaani damu iliyoshuka kupitia kaskazini mashariki mwa Afrika kizazi kwa kizazi. Miaka miwili baadaye wakasomwa wengine, zaidi ya 40 wa Kenya na Tanzania, ikaonekana wafugaji wale ni mchanganyiko wa watu wa kaskazini mashariki, watu wa upande wa Sudan, na sehemu kama moja ya tano wawindaji wa huku huku. Kwa hiyo Sahara ng'ombe walisafiri peke yao zaidi, kwetu walikuja na wenyewe. Ufugaji uleule, njia mbili tofauti kabisa, na ndio maana mtu akikuambia "ufugaji ulienea Afrika hivi" kwa sentensi moja, mwache amalize chai yake.

Maziwa nayo yana kituko chake. Watu wazima wengi duniani wakinywa maziwa mabichi tumbo linavuruga. Mwaka 2007 timu ya Sarah Tishkoff ilipima watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan, ikakuta wengi wanaokunywa bila shida wana badiliko la vinasaba ambalo sio lile la Wazungu, limezaliwa huku kivyake, umri wake kama miaka 2,700 mpaka 6,800. Ila wale wafugaji wa kale, karibu wote waliopimwa hawana. Na vyungu vya wafugaji wale vina mafuta ya maziwa! Walikuwa wanayamudu vipi? Mama yeyote wa huku anajua, unayagandisha. Mtindi umeshapunguziwa ile sukari inayosumbua. Kibuyu kilianza kazi, damu ikafuata taratibu nyuma yake.

Wakulima wa Kibantu, ambao safari yao ilianzia mpakani mwa Nigeria na Cameroon, walifika Maziwa Makuu na chuma chao kama miaka 2,500 iliyopita. Walipopanda huku kaskazini mwa Tanzania walikuta ng'ombe wameshakaa karne kadhaa. Kusini zaidi kondoo walifika kama miaka 2,000 iliyopita, na mfugaji mmoja wa Cape, Afrika Kusini, wa miaka 1,200 iliyopita amekutwa kama asilimia 40 ya damu yake inatokana na watu wa aina ya Luxmanda. Watu wa huku, mpaka ncha ya bara.

Nikamsimulia mjomba yote haya siku nyingine, tukiwa zizini, nikijiona nimemletea ushindi dhidi ya yule mzee, maana Wairaqw lugha yao ni ya Kikushi na wataalamu wengi wanawahusisha na wafugaji wale wa mwanzo, wakati Wamasai ni wa majuzi, karne chache tu. Akasikiliza, akamtazama dume lake, akauliza hao ng'ombe wa kwenye miamba walikuwa na nundu? Nikafikiria. Hawakuwa nayo. Migongo yao ilikuwa imenyooka. Nundu ilitoka India, ikaingia kwa pwani yetu, na ilisambaa kwa kishindo miaka kama 1,000 tu iliyopita. Mjomba akacheka sana, akasema basi kumbe na hawa wameazimwa, akampiga dume kofi mgongoni akaenda kufunga zizi.